Jiwe la Kilo Moja

Nyie wajukuu mnaosoma biashara vyuoni, mnaokuja likizo kunieleza habari za soko kana kwamba mimi nilizaliwa jikoni na sijatoka, kaeni chini. Mimi pia nimesoma biashara. Nilisoma miezi mitatu, hapa hapa Songea, na cheti ninacho. Nilikipata baada ya kumng'oa mtu meno mawili mbele ya mwalimu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Duka la ushirika lilibaki na viberiti na majembe yasiyo na mipini, halafu ghafla kila mtu akaambiwa anaweza kuuza. Mimi niliuza dagaa wa Nyasa, chini, juu ya gunia, pembeni mwa soko kule Majengo. Sasa, kuuza kuliruhusiwa. Kuuza chini hakukuruhusiwa. Basi mgambo walitujia karibu kila asubuhi na virungu. Hawakuuliza kitu. Mwenzangu muuza nyanya alipigwa kirungu cha mgongo akiwa na mimba ya miezi saba. Mimi nilivunjwa kidole hiki cha kati, mnakiona kilivyopinda, na beseni langu likapigwa teke, dagaa wote mtaroni. Aliyenivunja alikuwa mgambo mmoja mrefu, Mhehe wa Iringa, mwenye sauti ya kukwaruza. Sura yake niliishika vizuri.

Vikajengwa vizimba vipya. Ikatangazwa kwamba atakayepewa kizimba ni mwenye cheti cha mafunzo ya biashara, na mafunzo yatakuwa mchana katika shule moja ya msingi. Vizimba vilikuwa vichache kuliko sisi. Mwenye kizimba hapigwi. Mimi sikufuata elimu, nilifuata kizimba.

Tulikaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yanagusa kidevu. Mimi niliishia la nne, wengine hata hapo hawakufika. Mwalimu alikuwa kijana wa mikoa ya kaskazini, shati limepigwa pasi mpaka linakaribia kukata mtu. Alituita washiriki. Alitufundisha kwamba sasa ni ushindani. Hilo halikuhitaji mwalimu. Wiki ya pili akatupa kazi ya kufanya nyumbani: kila mshiriki akamchunguze mshindani wake kwa siri. Mimi nilikwenda kumchunguza muuza dagaa wa upande wa pili wa soko, na yeye alikuwa anakuja kunichunguza mimi. Tukakutana katikati, kila mtu na daftari lake. Alinishika nywele, nikamng'ata bega. Kesho yake darasani mmoja alikuja na jicho limeziba, mwingine na kanga imechanika, muuza nyanya na alama za meno ya mtu kwenye mkono. Mwalimu akatutazama, akageuka, akaandika ubaoni: Matatizo ya Utafiti.

Wiki ya tatu nani akaingia na daftari? Yule mgambo. Mshahara haumtoshi, anataka kuuza mitumba. Akakaa nyuma yangu. Akanisalimia "Kamwene, mama," kama vile hatujawahi kuonana. Nikasogeza dawati langu mbele.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo. Unasimama nyuma ya meza na bidhaa zako na mizani, anakuja mteja mkorofi, anakusumbua dakika tano. Ukikasirika umefeli. Mwalimu alisema mteja hata akikutemea mate, wewe unatabasamu na kumkaribisha tena. Wateja wakorofi aliwachagua yeye mwenyewe kati yetu. Zamu yangu ilipofika akamchagua mgambo, eti kwa sababu ana sauti.

Mgambo akaja mezani polepole. Akaokota dagaa mmoja, akamvunja kichwa, akanusa, akamtupa. Akasema dagaa hawa wamekufa mara mbili. Nikatabasamu. Akasema mizani yangu imekondeana kama mwenye nayo. Nikatabasamu mpaka taya zikauma. Wanawake wote walijua ni nani aliyenivunja kidole. Mwalimu hakujua, alikuwa anatazama saa na kutikisa kichwa kwa furaha. Ndipo mgambo akainua buti lake, akaliweka kwenye ukingo wa meza, akasukuma. Dagaa wakamwagika sakafuni.

Akainama, akanong'ona ili mwalimu asisikie: "Ukiuza chini, mama, unapigwa."

Jiwe la mizani la kilo moja lilikuwa mkononi mwangu. Nikampiga nalo mdomoni.

Muuza nyanya alikuwa wa pili kufika, na benchi. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu mikono. Walimpiga kwa viatu, kwa madaftari yaliyokunjwa, kwa mguu wa dawati. Naye hakuwa mtu wa kulala: mmoja alimrusha ubaoni, mwingine alimpiga kiwiko cha pua, damu ikaruka mpaka kwenye picha za herufi za watoto. Mwalimu alipanda juu ya meza na saa yake mkononi, anasema, "Mteja jamani, huyo ni mteja."

Tulipotenganishwa, mwalimu alisema nimefeli na twende polisi. Nikakiona kizimba kinaondoka.

Mama mmoja mtu mzima, muuza vyungu, akasimama taratibu akijifunga kanga. "Mwalimu, wewe mgeni. Huyu Mngoni, yule Mhehe. Hao watani. Mambo ya watani hayaendi polisi."

Mwalimu akamgeukia mgambo. "Ni kweli? Mnafanyiana hivi?"

Mgambo akatema jino la pili kiganjani, akaliangalia. Nadhani aliona mbele yake kituo cha polisi, na yeye anaeleza amepigwa na muuza dagaa. Akasema, "Babu yake alimkimbia babu yangu mpaka akaacha ngao. Hasira za ukoo hizo."

"Aliyekimbia ni wako," nikamjibu.

Darasa likacheka. Mwalimu akaandika nimefaulu, kwa kuwa sikukasirika, nilitania.

Ukweli nawaambia nyie: haukuwa utani. Nilikusudia mdomo.

Kizimba nikapata. Siku ya kwanza tu mgambo akaja, pengo mbele, na bakuli. Mtani haombi. Akachota dagaa mpaka wakafurika, akanitukana sura, akaenda zake. Kesho tena. Keshokutwa tena. Ningemkatalia, ningekuwa nimesema hatuna utani. Na kama hatuna utani, basi nilimpiga mtu, cheti ni cha uongo, na kizimba kinachukuliwa. Waliokuwa wanakisubiri walikuwa wengi. Siku moja binti yangu mkubwa alimpokonya bakuli na kumwinulia mwiko. Nikamzaba binti yangu kofi mbele ya wateja. Mchana ule ule nikawakusanya wote wa nyumbani kwangu, nikawaambia:

"Yule bwana akija, anapewa. Atatukana mpaka achoke, na hakuna wa kumgusa. Asipoonekana mpaka saa sita, mmoja wenu ajaze bakuli ampelekee kwake Bombambili."