Barua ya Mama kwa Herufi za Kiarabu

Mama yangu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyofundishwa madrasa kwao Mumias. Mimi madrasa niliitoroka. Nilisoma shule ya misheni Mukumu, na Uhuru ulipokuja nikapata kazi ya kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega. Kichwa kikavimba, sisemi uongo.

Siku moja mama aliniuliza kama barua zake nazisoma. Nikamjibu nasoma zote, tena bila taabu. Mungu anisamehe! Kila barua nilikuwa naipeleka kwa mzee mmoja, fundi cherehani karibu na msikiti, ananisomea. Mambo yalikuwa yaleyale: salamu, kuku wangapi wametotoa, utakuja lini. Nami nilijibu kwa herufi zangu, mama akasomewa na mama mdogo, dada yake.

Mwaka wa pili baada ya Uhuru barua ikaja wakati fundi amesafiri kwenda Kisumu. Niliigeuzageuza. Mistari ilikuwa inateremka, wino umekolea hapa na kufifia pale. Nikasema moyoni, kalamu mbovu hiyo. Ningeweza kumngoja fundi, lakini mimi ni mtu wa kungoja? Nikaketi nikapiga jibu kwa mashine ya ofisi, nikitaka mama aone herufi zilivyonyooka: barua yako nimeipata, nimeisoma, na nimefurahi mno.

Fundi aliporudi nilimpelekea ile barua kwa mazoea tu. Aliisoma kimya kwanza, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akanisomea polepole: "Mwanangu, naumwa, siinuki tena. Usingoje mwisho wa mwezi. Njoo nikuone."

Nilitoka mbio na viatu vya ofisi mpaka kituo cha basi. Nilipofika Mumias walikuwa wamemzika siku tatu nyuma. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Nikamwuliza mama mdogo kwa nini hawakutuma mtu anifuate. Akasema kijana alikuwa tayari ameshika baiskeli, ndipo jibu langu likafika. Yeye mwenyewe alimsomea mama, na mama akaomba asomewe tena lile neno la kufurahi. Halafu akawaambia, "Msimtume mtu. Barua ameisoma."