Vitanda vya Watoto vya Mzee Arne

Ipo Jumamosi moja ya mwezi wa tano ambayo kila nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Sijawahi kukusimulia, mwanangu Imani, maana si rahisi kwa baba kukaa mbele ya binti yake akaanza kuutaja ujinga wake. Lakini jana nilikuona ukifanya kile kile nilichofanya mimi, basi leo nitavumilia aibu.

Jana mama wa yule rafiki yako wa timu alikuja mpaka mlangoni, akasema anaweza kuwa anakupeleka mazoezini pamoja na binti yake. Ukasema hapana, ukafunga mlango. Nilipokuuliza sababu ukanijibu, "She's weird, Papa," eti ni mtu wa ajabu, ukapanda ngazi. Sikukugombeza. Ningekugombeza kwa uso gani? Mashaka hayo umeyarithi kwangu, pamoja na masikio haya makubwa. Mimi ndiye yule ambaye mama yako humcheka kwamba hata maziwa ya dukani hayanywi mpaka ayanuse mara tatu.

Ilikuwa mwanzoni mwa ile miaka ya elfu mbili na kumi. Tulikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa tu Minnesota. Nilikuwa kijana bado, ingawa kambi ya wakimbizi ilikuwa imeshanitia mvi. Tulipanga nyumba ndogo Brooklyn Center, na mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi minane. Gari hatukuwa nalo. Unajua kwamba kabla yako alikuwapo mwingine. Yule alizaliwa kambini. Gari la kutupeleka hospitali tulilingoja tangu asubuhi mpaka alasiri, na alipozaliwa hakulia. Kwa hiyo mimba yako yote nilikuwa na wazo moja tu kichwani: safari hii gari lisikosekane.

Katika nyumba iliyopakana na yetu alikaa mzee mmoja wa Kizungu, Arne, mjane wa miaka sabini hivi, mwenye pikapu ya kijani. Tulizungumza naye kwa mikono zaidi kuliko kwa midomo. Siku moja alimletea mama yako karoti za bustanini, akalielekezea tumbo lake kidole, akashika usukani hewani, akagonga mlango wake mwenyewe mara tatu. Tukaelewa: siku ikifika, mgonge, saa yoyote. Mama yako alimwamini tangu dakika ile. Mimi nilimshukuru, nikarudi ndani, nikaanza kujiuliza anataka nini kwetu.

Kabla hujanicheka, nikueleze mashaka hayo yalitoka wapi. Nilipokuwa na umri kama wako tulikimbilia msituni, kijiji kizima. Wenye bunduki waliokaa majumbani mwetu wakawasha moto katika majiko yetu, wakachukua vinu vyetu wakawa wanatwanga, ili tulioko msituni tudhani wenzetu wamesharudi na mambo yametulia. Kaka yangu mkubwa aliona moshi akafurahi. Mimi nilimwambia, sikiliza vizuri, anayetwanga pale hajui kutwanga. Akanicheka, akaenda. Hakurudi. Tangu hapo mashaka yangu niliyaheshimu kama mtu aliyeniokoa, na mtu aliyekuokoa humkatalii neno.

Sasa sikia. Wiki moja kabla ya hiyo Jumamosi, mzee Arne alinikuta uani nikiwa na Kariuki, yule Mkenya wa kanisani kwetu anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Mzee akasema maneno mengi, huku akionyesha gereji yake. Kariuki alikuwa anachelewa kazini, ufunguo wa gari tayari mkononi.

"Anasema Saturday anaenda shamba ya sister yake, huko mbali kidogo," akanitafsiria. "Anataka uende naye umsaidie ku-set up. Ati ako na cradles kumi na mbili hapo kwa garage."

"Cradle ni nini?"

"Si ni kile kitanda cha baby! Ile ya kubembeleza mtoto alale. Wacha nikimbie, boss, nimechelewa."

Nilimwitikia mzee kwa kichwa, nikaingia ndani na habari yangu. Mama yako akafurahi, akasema bila shaka anataka kutupa kimoja. Nikamwambia kimoja sawa, lakini kumi na viwili ni vya nani? Mtu hana mke, hana mtoto, na vitanda vyenyewe anavipeleka shambani.

"Si wende umuulize?" akasema mama yako. "Iko pale tu, voisin wako, jirani."

Sikwenda. Niliona haya ya Kiingereza changu, na zaidi ya haya, niliona kwamba ukimuuliza mtu umeshamwambia kwamba unamshuku. Nikaamua kutega sikio. Siku mbili baadaye mzee alisimama kando ya pikapu yake akiongea na simu, nami nikatoka na mfuko wa taka, nikatembea polepole kama mtu mwenye mguu mbovu. Kiingereza nilichokijua kilikuwa cha kiwandani. Lakini neno la kufa nililijua barabara, kwa sababu ndilo tulilolitumia kila siku betri za mashine zikiisha. Nikalisikia. Kisha nikalisikia lile la vitanda. Waliokufa, kwenye vitanda. Halafu mzee akacheka.

Mwanangu, mfikirie baba aliyemzika mtoto kambini akisikia maneno hayo. Jioni ile ile nilizunguka nyuma ya gereji nikachungulia dirishani. Niliona friza kubwa. Niliona bunduki ukutani, na wavu wa rangi za majani, ule ule wanaojifunika askari. Kitanda cha mtoto sikukiona hata kimoja. Nikarudi ndani nikamwambia mama yako kwamba gari la mtu yule hapandi.

"Namna gani? Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Basi umeogopa kitu ambacho hukukiona," akasema, akaendelea kukunja nepi.

Jumamosi asubuhi, tukiwa bado tunakunywa chai, uchungu ukaanza. Ulikuwa unakuja wiki tatu kabla ya siku zako. Mama yako akashika ukingo wa meza, akaniambia, "Umwite mzee." Dirishani nilimwona Arne akipakia vitu kwenye pikapu. Nikasema tutakwenda na basi. Nilimpigia Kariuki, hakupokea. Namba ya kuita ambulansi tulikuwa tumefundishwa, lakini niliogopa Kiingereza cha haraka cha kwenye simu. Basi nikamtoa mama yako kwa mlango wa nyuma, kama mwizi anayetorosha mbuzi, ili jirani asituone. Hapo ndipo masikio yanaponiwaka.

Mabasi ya Jumamosi yalikuwa machache. Mama yako alikaa kwenye benchi la kituo, akahema, akanyamaza, akahema tena. Chupa ikapasuka pale pale, maji yakamwagika mpaka kwenye viatu vyake. Hakunilaumu. Alitazama barabara tu, na mimi nikaitazama naye, nayo ilikuwa tupu.

Kona ikakatwa na pikapu ya kijani. Ikapunguza mwendo, ikasimama. Mzee Arne akashuka, akamtazama mama yako, akanitazama mimi, kisha akafungua mlango. Nami, mwanangu, nikasimama mbele ya mlango ule nikauziba. Nikamwambia no. Nikaonyesha barabara kwamba basi linakuja. Mzee akageuka akaitazama barabara, akarudisha macho kwangu.

Mama yako akainuka.

"Mtoto wa kwanza, gari lilikosekana," akasema. "Huyu gari liko hapa, na anayelizuia ni weye. Toka."

Nikatoka. Alipanda mbele, mimi nikapanda kiti cha nyuma. Miguuni pangu palikuwa na kreti iliyojaa nyaya zilizokunjwa, na mfuko ambao ndani yake niliona manyoya na kichwa cha njiwa aliyekufa. Kando yake bunduki ndani ya ala. Njia nzima nilishika kitasa cha mlango. Unadhani hapo nilikuwa nimetubu? Wapi! Mzee alipoiacha barabara kubwa na kuingia njia nisiyoijua, nilisema moyoni, haya, ndiyo hii. Kumbe ilikuwa njia ya mlango wa pembeni wa hospitali. Mke wake alifia mle, na wakati wa kumuuguza alijifunza mlango upi ni wa karibu.

Hata nusu saa haikuisha ukazaliwa. Kamba ya kitovu ilikuwa imekuzunguka shingoni. Muuguzi aliitoa kwa vidole viwili, ukakaa kimya kidogo, na mimi nilijua kimya hicho, nilishakisikia kambini. Kisha ukalia. Ulilia kwa hasira, nami nikalia kwa aibu. Kariuki alinipigia baadaye, na alipofika alizungumza na muuguzi, akanigeukia. "Anasema mngechelewa kidogo tu..." Hakumaliza, na sikumwomba amalize.

Wiki mbili baadaye mzee Arne alitualika shambani, mimi na Kariuki. Dada yake alikuwa amepanda njegere, na njiwa walikuwa wakishuka makundi kwa makundi kuzila mbegu na machipukizi. Mzee akafungua kreti. Akatoa waya mmoja, ambao juu umekunjwa kama kiganja kinachopokea kitu, na chini una kijiti kinachopindika. Akamlaza juu yake njiwa aliyekufa, wa kutoka kwenye ile friza, kifua kikae vizuri, kichwa kiiname, kisha akakichomeka kijiti ardhini. Upepo ulipopita, ndege akainama na kuinuka, ungeapa anadonoa. Akaweka wote kumi na wawili wakiuelekea upepo, na katikati akaacha nafasi ili walio hai wakiona wenzao wanakula, washuke pale awapige risasi.

"Hizo ndizo cradles!" Kariuki akapiga kelele, akacheka mpaka akakaa chini. "Na mimi nikakwambia vitanda vya baby!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeinua macho. Juu yetu njiwa walikuwa wameanza kuzunguka, wakiwatazama wenzao wanaokula, wakishuka kidogo kidogo. Nikamwona kaka yangu akiutazama moshi. Nikamwomba Kariuki anitafsirie, nikamweleza mzee yote, majiko, vinu, kaka yangu, mtoto wa kambini, na vile vitanda nilivyovisikia. Mzee alitoa risasi kwenye bunduki akailaza juu ya wavu, akanisikiliza mpaka mwisho. Njiwa wakashuka wakala njegere za dada yake, hakuwagusa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na Kariuki, ambaye kicheko kilikuwa kimemwisha, akanitafsiria.

"Anasema aliona nyayo zako chini ya dirisha ya garage. Alienda akanunua kufuli. Alidhani unataka kuiba bunduki. Ati hata yeye hakukuuliza."

Nilimtazama yule mzee, mwanangu, nikataka ardhi inimeze. Alinishuku kama nilivyomshuku. Aliponikuta kituoni, kufuli ile ilikuwa mlangoni kwake na ufunguo wake mfukoni mwake. Lakini gari alilisimamisha. Mimi mashaka yangu yalikuwa yakinituma nimwache mke wangu azalie kwenye benchi la basi.

Sasa nisikie vizuri, maana hili ndilo lililonifanya nikuite. Sikwambii uache kushuku. Dunia hii ina moto unaowashwa ili uone moshi ukaenda, na msichana asiye na shaka simtaki nyumbani kwangu. Ila siku ile ya kinu nilikuwa nimesikiliza, nikasikia kosa katika mlio. Kwa mzee Arne sikuwa na kitu, nilikuwa na neno moja nililopewa na mtu mwenye haraka, na mengine yote nikajaza mwenyewe. Ukishuku, uliza. Ukiogopa kuuliza peke yako, njoo kwangu au kwa mama yako, tuulize wote. Usifunge mlango ukapanda ngazi ukakaa huko na mashaka yako, kwa sababu yatakusimulia hadithi mpaka asubuhi na hutakuwa na wa kuyakatiza. Yule mama wa rafiki yako, Jumapili tutamkaribisha chai. Wewe utamwangalia, mimi nitamnusa kama maziwa. Baada ya hapo moyo wako ukikataa bado, gari lake hutapanda, na sitakulazimisha hata kwa neno.

Limebaki moja. Tulikuwa tumekubaliana uitwe kwa jina la mama yangu. Pale hospitali walipoleta fomu, mama yako aliichukua kabla sijanyoosha mkono, akaandika mwenyewe, akaniambia, "Jina hili si la mtoto peke yake. Ni la kwako. Utaliita kila siku mpaka likuingie." Hakuwahi kunikumbusha tena, na hakuwa na haja.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe macho ya kumtambua anayetwanga bila kujua kutwanga, akupe na kinywa cha kumuuliza jirani kabla hujamfungia mlango. Siku utakapokuwa na uchungu wako, gari lisikosekane, na asiwepo mjinga wa kusimama mlangoni. Imani. Umesikia nimekuita? Basi na mimi nimesikia.