Nilivyofungulia Maji Yote Matangani Makanya

Nilishuka Makanya kwa sababu mkwe wangu alifiwa na mumewe. Mkwe ninayemsema ni Bi Saumu, mama wa kijana aliyemwoa binti yangu Nanzia. Wao ni Waislamu, sisi ni Wakristo, na Nanzia amebaki na dini yake katika nyumba ile bila kusumbuliwa hata siku moja. Akina mama wa kanisani waliniombea safari njema, kisha mmoja akanishika bega: "Mama Nanzia, mlango huo umefunguka. Kawaambie!"

Sikuhitaji kusukumwa. Shule niliishia darasa la nne, lakini mdomo haukuishia popote. Wajukuu zangu wanajua, bibi akisimama kusema hata kuku hunyamaza.

Usangi kwetu mlimani, alfajiri. Ukungu ulikuwa haujaondoka nilipopanda bodaboda, mkungu wa ndizi za msiba umefungwa nyuma yangu. "Bibi, ukiogopa kwenye kona, fumba macho," akasema dereva. "Wewe ndiye usifumbe," nikamjibu. Tukafika Mwanga wazima, mimi na ndizi.

Kutoka Mwanga nilipanda basi la barabara kuu. Milima yetu ilikuwa mkono wa kushoto njia nzima, kijani kule juu, huku chini miiba na vumbi. Pale Same upepo wa moto uliingia dirishani kama mtu amefunua sufuria. Abiria wenzangu walisinzia. Mimi nilikuwa napanga maneno, na kila tulipopita kijiji yalikuwa yameongezeka.

Makanya, mchana. Malori ya jasi yanapita, yanaacha unga mweupe juu ya kila kitu. Nanzia alinipokea barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akabeba ndizi, akasema polepole, "Mama, ni matanga. Pole tu inatosha."

"Mimi ni mtoto wa kufundishwa pole?" nikamuuliza.

Jioni walimaliza dua yao, tukala wali, wanawake tumejaa kwenye mikeka uani. Bi Saumu hakuwapo, alikuwa chumbani kwake. Mjane wa Kiislamu hukaa eda, hatoki nyumbani kwa miezi. Dirisha lake lilikuwa wazi kwetu. Nikasimama.

Nilisema yote. Dhambi, damu ya Yesu, siku ya hukumu, jehanamu na kuni zake. Nikamalizia kwamba marehemu ameshachelewa, ila wao bado wana nafasi.

Kisha mama mmoja akaweka sahani chini. "Mgeni, sisi tumekupakulia wali. Mbona wewe unatupakulia moto?" Wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja, wanakung'uta khanga zao. Dirisha la Bi Saumu likafungwa.

Nanzia alinifuata nyuma ya jiko. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Mama, wewe kesho utapanda basi. Mimi nitaamka humu humu. Biblia yangu iko juu ya kabati miaka yote, hakuna aliyeigusa. Kama kesho wataniambia niitoe, nitasema nini?"

Nikaokota sahani, nikaziosha hadi usiku badala ya kuhubiri. Mimi!

Asubuhi Bi Saumu akaniita chumbani. Nikajua nafukuzwa. Nilimkuta amekaa kitandani, macho yamevimba.

"Karibu, mhubiri."

"Asante, mkwe."

"Mimi nilizaliwa mlimani kama wewe. Ndiva ya kwenu bado ipo?"

Kwa wasioijua, ndiva ni bwawa la udongo walilotuachia wazee. Maji hujaa usiku, asubuhi hufunguliwa kizibo, yakafuata mfereji mpaka shambani.

"Ipo," nikasema.

"Ikijaa, mnang'oa kizibo chote?"

"Nani afanye ujinga huo? Maji yatabomoa mfereji, yabebe udongo na mbegu..." Nikaishia hapo, mdomo wazi.

"Jana ulibeba mbegu zangu," akasema.

"Nisamehe, mkwe. Nilikuja kulia nawe, nikakuongezea kilio."

Alinisogezea nafasi kitandani. Halafu akauliza, "Ulipomzika mumeo, ulilalaje?"

"Sikulala. Maombi yote niliyoyajua yalinipotea. Nilikuwa naita tu, Yesu, Yesu, kama mtoto anavyomwita mama gizani. Kulipokucha nikajiona nimeshikwa mkono. Sijui kulisema vizuri zaidi."

"Na mume wangu, ndiyo ameshachelewa?"

"Kuhukumu ni kwa Mungu. Kiti hicho nilikikalia jana bila kupewa, leo nimeshuka. Ninayemjua ni yule aliyenishika, na kwamba namwamini sitakuficha."

"Hilo nimelisikia," akasema. "Ya jana yalikuwa kelele."

Nilikuwa na mengine mengi ulimini. Nikayaziba. Akaita, "Nanzia! Lete kisu na ndizi za mama yako, tupike." Tukamenya pamoja, na Nanzia alipotuona magoti yamegusana alisimama mlangoni akashusha pumzi.

Nilipoaga, Bi Saumu alinishika kiganja. "Mimi sitoki humu mpaka eda iishe. Mwenye miguu ni wewe."

Usangi tena, jioni. Akina mama walinisubiri.

"Ameokoka?"

"Amenikaribisha tena."

"Basi ulikwenda kula wali tu!"

Nikamwambia huyo aende ndivani kesho, ang'oe kizibo chote, kisha anionyeshe maharage yaliyobaki shambani kwake. Wakacheka, yeye hakucheka.

Nilichojifunza ndicho hicho. Neno la Mungu ni maji, wala si langu, lakini kizibo nimewekewa mkononi mimi. Mkungu mwingine umekomaa nyuma ya nyumba. Nitaushusha Makanya, nikae kitandani kwa Bi Saumu, na safari hii nitamwacha yeye aanze kuuliza.