Josho la ng'ombe, na vile tulichagua diwani kwa kupima umbali

Wakuu, hamjambo. Hii sikusimuliwa na mtu, nilikuwa kwenye mlolongo mimi mwenyewe.

Miaka ya hamsini, huku kwetu Kimilili, kupe walikuwa wanatumalizia ndama. Tukaambiwa lokesheni nzima itapata josho moja la kuogeshea ng'ombe, na diwani ndiye ataamua lijengwe wapi.

Wagombea walikuwa wawili.

Wafula alikuwa amechunga ng'ombe wa mzungu Kitale miaka mingi. Alitaka josho liwe chini mtoni, mbali na mashamba. Shida yake moja: alikaa mbali, upande wa kwenda Bungoma.

Simiyu alikuwa jirani yangu. Sera zake? Nikisimama mlangoni naona moshi wa jikoni kwake.

Na mimi kutoka nyumbani ni kazi, bana. Hata kanisani, mke wangu ndiye alikuwa ananisukuma niende.

Siku ya kura hakukuwa na karatasi. Unapanga laini nyuma ya mtu wako, watu wote wakikuona. Hebu jaribu kusimama kwa Wafula huku jirani anakutazama kisogo!

Upande wetu wote tukapanga kwa Simiyu. Upande wa Wafula wakapanga kwa Wafula. Hakuna aliyevuka. Sisi tulizidi kidogo tu.

Jioni mke wangu akaniuliza, "Baba Nekesa, umechagua diwani ama umechagua kutotembea?"

"Si yote ni moja, mama?"

Simiyu alitimiza ahadi aliyotupa, ya kutuletea josho karibu. Josho likajengwa kando ya ua wangu.

Siku ya kwanza ya kuogesha, ng'ombe wa lokesheni nzima walipitia kwangu. Mahindi yote kwisha. Wale wa upande wa Wafula ndio walikula vizuri zaidi, sijui walitumwa.

Nikakimbia kwa Simiyu. Kufika ilikuwa rahisi, hilo nakubali.

"Si ulitaka karibu?" akasema. "Nikuletee karibu gani tena?"

Ndama waliacha kufa, nisidanganye. Lakini mimi, mtu wa kukaa nyumbani, nilipanda baiskeli mpaka Kitale kutafuta mahindi, nikarudi nasukuma, gunia limekaa kwenye keria kama bwana mkubwa.

Nilichojifunza: tunauliza mtu analala wapi kabla ya kuuliza anafikiria nini.

Nyinyi wa Cheptais na Kanduyi, kwenu iko aje? Semeni ukweli, kwa sababu uchaguzi uliofuata nilipanga tena kwa Simiyu.

Ningefanya nini? Alikuwa ameshaniona nikitoka mlangoni.