Motokari ya Kitunga: Mama Chini, Bwana Juu

Kosa ni yangu. Si ya muuzaji wa Mokambo, si ya mvua, si ya ule muti. Ni yangu miye! Nikikumbuka ninataka kujipiga makofi mwenyewe, kisha ninaanguka kucheka mpaka mutoto anaachilia ziwa na kuniangalia. Hasira na kicheko pamoja, mukwetu! Jina langu usiulize. Sikiliza tu.

Bwana yangu, tumuite Banza, kazi yake ni kukata miti. Unajua ile mikaliptusi mirefu ya hapa Lubumbashi, ile Babeleji balipanda, sasa inainamia manyumba. Mvua ikikaribia, benye nyumba banaogopa matawi, banamuita Banza. Alikuwa anapanda na ngazi na kamba, musumeno ku mugongo. Kila siku akipanda, miye ku nyumba nilikuwa ninaomba Mungu.

Njo nikaona ile motokari!

Ilikuwa imesimama kando ya barabara ya Mokambo: motokari ya okazioni, imekwisha kutumika na bengine, yenye mukono murefu wa chuma na kitunga juu, ile bafundi ya umeme banasimamamo bakitengeneza nyuzi. Usukani ku kuume, sababu ilitoka Zambia. Na rangi yake sasa! Kijani kama drapo ya Chama, bendera ya benye kutawala inchi, inang'aa mpaka macho inauma. Nilisema: Banza hatapanda ngazi tena!

Muuzaji alikuwa na tumbo kubwa na koti ya abakosti ndogo. Akatupokea na vicheko:

"Mama, hii motokari, hata malaika akitaka kushuka, atashukia humu!"

Banza hakucheka. Akapiga magoti, akaangalia kama mipira ya mafuta inavuja. Akapitisha kidole ku mukono wa chuma, pale unapojikunja.

"Hapa rangi iko nene sana," akasema. "Nani anapakaka rangi nene ku fasi moja tu? Tukwangue, tuone chuma."

"Mukwangue rangi ya Chama?" Muuzaji akashika kichwa. "Sitwayen, mwananchi mwenzangu, unatafuta matata?"

Banza akaniangalia miye. Na miye nilimuambia nini? Mdomo wangu huu!

"Banza, unanunua motokari ao unaoa? Inapanda, inashuka. Tuitwale!"

"Basi tuijaribu na mifuko ya unga mu kitunga, mbele ya muntu kupanda."

"Unga ni ya kula," nikajibu. Bantu bote pale bakacheka, na miye nikafurahi kwamba nimechekesha. Mujinga miye!

Lakini hata mwongo iko na siku yake ya kweli. Ule muuzaji alitupa mbao nne, nene, pana. Akasema: "Hii motokari iko na miguu yake ya chuma, inashuka pembeni ili isianguke. Kila muguu, mutie ubao chini yake. Udongo ya mvua haina urafiki." Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia.

Tulipofika nyumba, avenue yote ilitoka. Arozaje, ile karamu ya kumwangia kitu mupya pombe! Nani ananunua motokari asiilobanishe? Bakamwanga pombe ku magurudumu, bamama bakapiga vigelegele, na miye nikapanda mu kitunga na viatu vya kisigino. Banza akanipandisha polepole mpaka juu ya mabati. Nikapunga mukono kama bibi ya komisere wa serikali! Niliona manyumba ya bantu kwa juu, niliona mashimo ya mabati yao, nilicheka kama mwenda wazimu. Furaha ile, hata leo siikatai.

Na ile mbao? Zikakuwa viti vya bageni.

Kesho yake jirani akafiwa. Bakaja: "Mama, tukopeshe ile mbao, bantu ya matanga banakaa chini." Nani atakataa matanga? Nikatoa. Na matanga, unajua weye mwenyewe, haiishake na siku moja.

Sasa madamu mumoja wa Golf, mutaa wa batajiri, akaita. Mukaliptusi mukubwa unainamia chumba chake cha kulala, na mawingu iko tayari. Banza akauliza:

"Mbao iko wapi?"

"Ku matanga."

"Na Kalenga?" Kalenga ni mudogo wake, njo anabakiaka chini karibu na fimbo za chuma. Motokari hii, ukivuta ile fimbo pa chini, kitunga kinashuka hata kama muntu wa juu ameshindwa.

"Kalenga pia iko ku matanga. Analia karibu na pombe."

"Basi leo hatuendi."

Ungemusikia! Muntu mwenye akili. Na miye nikamupigia kelele: madamu atatafuta mwengine, motokari itaota maua, wee ni mwanaume gani! Akachukua musumeno, lakini akauliza nani atasimama chini. Kisha nikapata akili yangu ya ajabu: mama yangu.

Mama alikuwa ametoka Kongolo kunisaidia na mutoto. Na weye unajua bukwe yetu sie ba kule kaskazini. Mama mukwe na mukwe habaangaliane usoni, habapeane mukono, habaitane majina. Banza akiingia na mulango ya mbele, mama anatokea na ya nyuma. Nyumba yangu ilikuwa kama ya bezi wawili banaokimbiana! Kuna mbuzi ya kufungua kinywa: mukwe anaitoa, kisha banaweza kusemeshana. Lakini feza ya mbuzi ya Banza, sie tuliikula mu motokari. Miye njo nilisema mbuzi itangojea.

"Mama, twende na sie," nikamuambia. "Utashika fimbo hii tu. Ukiona matata, uvute."

"Weye mutoto, una akili?" Mama akakaza kitambaa ya kichwa. "Nisimame chini ya mukwe wangu, niangalie juu, nione nini? Suruali yake?"

"Basi usiangalie, mama. Ugeuke."

Mungu wangu! Nilisema ageuke! Mulinzi wa maisha ya bwana yangu, miye nikamuambia ageuke!

Tukafika Golf. Banza akafunga mukanda, akaufungia ku kitunga, akapanda mpaka mu matawi. Mama akasimama chini na mutoto ku mugongo, mukono moja ku fimbo, uso ku upande wa bustani. Na miye? Miye nikaenda ku barza na madamu kunywa chai na kujisifu. Nilikuwa ninamuhesabia villa zote za Golf tutakazokata miti yao!

Kumbe muguu wa nyuma wa motokari ulisimama juu ya shimo ya choo ya zamani, imefunikwa na udongo na maua. Hakuna aliyeuliza. Bila ubao, chuma ikaanza kuzama. Na mama, sababu aligeuka, uso yake ilikuwa sawasawa mbele ya ule muguu. Aliona yote.

Akivuta fimbo bila kumuonya, matawi yatamuangusha mukwe. Amuite? Hawezi. Aniite miye? Aliniita, lakini miye nilikuwa na mdomo wazi, ninasema. Basi akafanya kama bankambo, bazee betu, banafanyaka. Akasema na mutoto:

"Mutukulu wangu, ambia baba yako muguu ya motokari inazama."

Mutoto akajibu: "Ba-ba-ba!"

Juu, Banza akasikia sauti ya mama mukwe. Heshima ikamushika. Hakuangalia chini. Akasema na musumeno:

"Musumeno yangu, kama chini kuna mwenye neno, apitie kwa bibi yangu."

Kuku ya madamu ilikuwa inapita. Mama akaigeukia, sauti imepanda:

"Weye kuku, muambie mwenye musumeno bibi yake iko na chai! Ashuke!"

"Musumeno, kuku inasema nini? Sisikie muzuri."

Madamu akaniuliza: "Mbona mama yako anagombana na kuku wangu?"

Na miye nilisikia yote, mukwetu. Hapa njo zambi yangu, ninaitoa mbele ya bote. Nilisikia "inazama". Nilisikia "ashuke". Na nilicheka! "Ni bukwe yetu, madamu, uache, batamalizana!" Nilicheka mpaka chai ikanitoka ku pua. Bwana yangu anazama, na miye chai inanitoka ku pua!

Kisha mama akageuka. Akainua uso, akamuangalia mukwe wake wazi, jua lote juu yake. Akafungua kinywa:

"BANZA! BANZA WEE! SHIKA KITUNGA!"

Golf yote ilisikia. Akavuta ile fimbo na mikono mbili. Kitunga kikaanza kushuka, motokari inainama, mama anavuta, mutoto analia, miye ninakimbia na kikombe mu mukono, sijui kwa nini na kikombe! Kilipofika urefu wa dirisha, mukono wa chuma ukasema "kaa!" ukakatika pale pale pa rangi nene. Ndani chuma ilikuwa imepasuka zamani, imeshonwa vibaya, kisha imefichwa na kijani. Kitunga kikaanguka mu sombe ya madamu, mu majani ya muhogo.

Angekuwa bado juu mu matawi, leo ninasimulia haya na nguo nyeusi.

Miye nilifika wa nyuma. Mama alikuwa amekwisha kumufungua mukanda, amemushika chini ya makwapa, anamuvuta mu majani. Mama mukwe! Na mikono yake! Muguu wa Banza ulikuwa umevunjika, uso mweupe kama unga. Akafungua jicho moja, akaona nani amemushika, akasema:

"Mama, samahani. Nimevaa suruali mubaya leo."

Ku hospitali alituchekesha mpaka mufungi wa bandeji akaachilia kazi. "Munajua nilijuaje ni mambo kubwa?" akasema. "Si motokari kuinama, hapana! Nilisikia jina yangu mu kinywa ya mama mukwe, nikasema: Banza, umekwisha kufa, huyu anakulilia!" Tulicheka bote, na mugonjwa wa kitanda ya pili akashika tumbo akiomba tunyamaze, mushono wake unauma. Alikuwa muzima! Nilikuwa ninamushika masikio, pua, ndevu, nione kama iko yote. Muntu aniambie nini, ile siku nilikuwa mulevi bila pombe.

Lakini mama hakuingia mu chumba. Alikuwa mu koridori, amegeukia ukuta. Nilipotoka ningali ninacheka, akaniambia polepole:

"Niliita na kinywa ya mutoto. Nikaita na kinywa ya kuku. Ulisikia?"

Nikasema ndiyo. Singeweza kumudanganya.

"Na ulicheka."

Kesho yake akapanda treni ya Kongolo. Mutoto alimulilia mpaka sauti ikaisha.

Kisha bakaja bashangazi ya Banza, bamekaa mu nyumba yangu, bamekunja mikono: mama yako alimuita mukwe na jina, alimushika mwili, amevunja bukwe, alipe. Alipe! Muntu amemuokoa mutoto wenu, alipe! Niliwafukuza na mwiko wa kusongea bukari, mumoja alipita na dirisha, na sijutie hata kidogo! Banza kwa kitanda chake alikuwa anapiga makofi.

Hiyo njo hesabu yangu. Motokari iko inalala mu lupango, mu kiwanja yetu, bila mukono, madamu hataki kusikia sauti yetu, Banza anatembea na fimbo mbili. Hayo yote ninayabeba, muguu utapona. Lakini mama hajarudi, na si motokari njo inamukataza. Ni kicheko changu. Mutoto akiacha ziwa, nitapanda treni miye mwenyewe, nitapiga magoti mbele yake, na nitafunga mdomo huu mpaka amalize kusema.

Weye unayetaka kununua motokari ya kitunga ya okazioni, unisikie. Kwangua rangi, hata ikiwa ya Chama, hata ikiwa ya Papa! Pandisha mifuko ya unga mbele ya kupandisha baba ya batoto. Mbao zisiende ku matanga, bafiwa batakaa ku mikeka. Uliza mwenye lupango shimo yake ya choo iko wapi, na asipojua, chimba.

Na muntu wa chini, usimuchague sababu iko karibu ao sababu hana kazi. Mbele ya kitunga kupanda hata kidogo, musimamishe pale, umuambie: ita muntu wa juu na jina yake, kwa nguvu, nisikie. Akisita, hata kama ni mama yako, muzime motokari, murudi nyumba.