Jiko la Matofali ya Kinu

Majira ya baridi ya kwanza baada ya dola ya Kisovieti kuvunjika na kinu cha urani kufungwa, Sagyn alibomoa sehemu ya ukuta wa kinu, akabeba matofali hadi nyumbani kwa mkokoteni wa punda. Kijiji kizima kilifanya hivyo. Akamjengea mkewe, Zuurakan, jiko kubwa lenye benchi la kulalia, na tangu hapo wakalala juu yake, migongo ikiota moto.

Sagyn alikufa kwa kifua. Zuurakan akahamia upande aliokuwa akilala mumewe.

Miaka mingi baadaye wakaja wapimaji wa mionzi. Mmoja wao, binti aitwaye Nurzat, aliingia na kimashine mkononi. Mlangoni kililia tik... tik..., kama maji yanayodondoka. Alivyosogelea jiko, milio ikasongamana. Alipokilaza kwenye godoro la juu ya jiko, upande wa Sagyn, kilitoa sauti moja isiyokatika, kama mafuta kikaangoni.

Kalipa, jirani wa Zuurakan aliyekuja kuchungulia, akacheka kwa woga.

"We Zuurakan, ndani ya jiko lako mna mtu!"

"Cheka tu. Wewe matofali yako umejengea choo."

Kalipa akageuka kutazama upande wa choo chake.

"Mama, umelala hapa tangu lini?" Nurzat aliuliza.

"Tangu wewe hujazaliwa."

Nurzat akazima kimashine. Zuurakan akatega sikio. Chumba kilikuwa kimya kama siku zote, ila sasa alijua ile sauti ilikuwa bado ipo.

Kesho yake wanaume waliofunika nyuso walibomoa jiko, wakayapeleka matofali kwenye kilima cha taka za kinu kilicho juu ya mto, ndani ya ua wa waya. Zuurakan hakulia. Alinyoosha mikono.

"Nipime na mimi."

Tik... tik.

"Nimepona?"

"Hii inapima vumbi lililokushika nje tu, mama. Ya ndani watayaona hospitali."

"Na Sagyn?"

Nurzat alikichukua kimashine chake. Wakapanda pamoja hadi makaburini, upepo ukiwapiga. Binti akainama, akakiweka kimashine juu ya udongo. Tik... tik..., kama popote pale.

Njia nzima Zuurakan alikuwa ameogopa kuisikia ile sauti ya jikoni. Sasa alivyoikosa, akavunjika moyo. Akapiga magoti.

"Sema basi," akaunong'oneza udongo.

Nurzat alijifanya hajasikia.

Hospitali walimwonyesha kivuli kidogo kwenye pafu, wakampa dawa na tarehe ya kurudi. Siku hizi analala chumba cha nyuma, chenye jiko la chuma. Jua likitoka hukaa kizingitini, kichwa ameinamisha upande mmoja.

"Unasikiliza nini, dada?" Kalipa humuuliza.

"Hicho hicho usichokisikia wewe."

Na Kalipa, ambaye zamani angemtania, huvuta kigoda akakaa karibu naye.