Nilimliza mjane wa filamu yangu kwa vitunguu, kumbe mwenyewe alikuwa anaanua muhogo

Wakuu, heshima kwenu. Naanza na kosa, ili wa kucheka acheke mapema: katika filamu yangu ya kwanza nilimpaka mwigizaji maji ya kitunguu chini ya macho ili alie. Yanayofuata ni ya kweli, hata yale yanayoniaibisha.

Mimi filamu nimejifunza kwenye simu tu, hapa Nyegezi, Mwanza. Na nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa.

Filamu yenyewe ilihusu msiba uliotokea kweli. Miaka ya arobaini, zama za Mwingereza, baba mmoja wa Ukerewe alipanda mtumbwi kuleta samaki wakavu Mwanza. Dhoruba ikampiga, hakuonekana tena.

Binti yake, Bibi Nyangeta, bado yupo Nansio, hukohuko Ukerewe. Ndiye aliyenisimulia. Jina la mama yake aliniruhusu kulitumia kwa sharti moja: aione yeye kwanza.

Basi nikahangaika. Kaniki, ile nguo nyeusi ya kumvika mjane, niliitafuta wiki tatu. Taa ya chemli niliibadilisha mara mbili. Usingizi ulinipaa kwa ajili ya vifungo vya kaptula ya karani anayeonekana sekunde nne.

Ila mjane alipokeaje habari? Hilo sikumuuliza mtu. Nilijiona najua.

Nikapanda feri na laptopu yangu kwenda kwa Bibi.

Ikafika sehemu ya habari mbaya. Rehema, msusi wa mtaani kwetu aliyeigiza mjane, akajitupa mchangani na kupiga mayowe.

Bibi akauliza, "Huyu tumbo linamsokota?"

"Hapana, bibi. Ndiye mama yako."



"Mama yangu hakugaagaa. Walimkuta juu ya jiwe, anaanua muhogo, mvua inakuja. Wakamwambia. Akaendelea kuanua."

"Hakulia kabisa?"

"Ungelowa tungekula nini, mjukuu wangu? Alilia msimu wa kulima, mpini wa jembe ulipolegea, akakosa wa kuukaza."

Kisha akasukuma laptopu pembeni. "Hii waonyeshe watu ukitaka. Jina la mama uliondoe."

Wakuu, niliomba wiki moja nirekebishe. Nikapanda feri ya kurudi.

Rehema nilimkuta anasuka. Nikamweleza.

"Yaani macho yangu yote yale yaliungua bure?"

"Nisamehe, dada."

"Utanisamehesha na soda. Lini tunarudia?"

Tukaenda kwenye mawe karibu na ziwa, tukaanika muhogo. Nikaanza maelekezo yangu: huzuni iwe ya ndani, pumzi iwe nzito, shingo iwe hivi.

"Kaka, hebu kaa kimya. Mvua inakuja kweli."

Nikakaa kimya. Mleta habari akasema maneno yake. Rehema akaendelea kujaza ungo. Kipande kimoja kikamponyoka, kikaangukia kwenye ufa wa jiwe. Akakitazama muda mrefu. Halafu akapiga magoti, akaingiza mkono, akakitoa, akakipangusa kwa kaniki.

Kivuli cha kamera kilionekana pembeni. Zamani ningerudia mara kumi. Nilikiacha.

Nikarudi nayo Nansio. Bibi aliitazama bila kuuliza kitu. Kipande kilipoanguka, aliiambia skrini kwa sauti ya chini, "Kiokote, mama."

Ilipoisha akajifuta kwa khanga.

"Jina liandike," akasema. "Na liandike kubwa, macho yangu mabovu."

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba nguo za zamani unaweza kuzitafuta sokoni, lakini uchungu wa mtu unamuuliza mwenyewe, au aliyekuwepo. Wenye uzoefu, nyie mnafanyaje na mikasa ya kweli? Nikosoeni, nimeshazoea.

Mimi sasa hivi, kabla ya kuandika chochote, nauliza kwanza mikono ya mtu ilikuwa inafanya nini. Na sijamwambia tena mwigizaji yeyote alie.